Umeme mwingi si umeme wa uhakika: panga mradi wako kwa dakika za giza



Tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuingiza umeme kwenye Gridi ya Taifa Februari 2024, kuna sentensi naikuta karibu kwenye kila andiko la mradi ninaloletewa kulipitia: "Umeme kwa sasa ni wa uhakika." Inakaa mstari mmoja tu kwenye kipengele cha miundombinu, halafu andiko linaendelea na bei ya vifaranga, chakula na soko. Leo nataka kubishana na mstari huo, maana naona vijana wanaweka mkopo mzima juu yake.

Msimamo wangu ni huu: idadi ya kuku, samaki au mayai ya kutotolesha iamuliwe na umeme wako wa akiba, siyo umeme wa gridi. Kama akiba yako inaweza kubeba kuku 1,000, basi wewe kwa sasa ni mfugaji wa kuku 1,000, hata kama banda lako linaingiza 5,000. Najua wapo watakaosema afisa ugani anatukatisha tamaa. Nisikilizeni kwanza, halafu tubishane.

Mgao ni kitu kimoja, hitilafu ni kitu kingine

Wengi wetu tumekulia kwenye mgao. Mwaka 2006 ukame ulishusha maji kwenye mabwawa, tukakaa gizani. Mwishoni mwa 2022 tukarudi palepale, maji yakapungua, ratiba za mgao zikatoka. Kwa hiyo kichwani mwetu tatizo la umeme lina jina moja: umeme hautoshi. Na dawa yake tumeijua: jenga mitambo zaidi.

Mitambo imejengwa. Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mwaka 2025 yote tisa ilikuwa imekamilika. Hilo ni jambo kubwa na mimi nalishangilia kama nyinyi.

Lakini angalieni kilichotokea mwaka 2024. Mwanzoni mwa Machi nchi ilikuwa na umeme uliozidi mahitaji, mpaka TANESCO wakazima mitambo kwenye vituo kadhaa vya maji kwa sababu hapakuwa na wa kuutumia. Haukupita mwezi. Tarehe 1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, ikatokea hitilafu kwenye Gridi ya Taifa na nchi ikaingia gizani. Ndani ya wiki chache tumetoka kwenye ziada mpaka kwenye giza, na maji bwawani yalikuwepo.

Mgao unatokana na upungufu. Una ratiba, hata kama ratiba yenyewe wakati mwingine haifuatwi. Hitilafu haina ratiba. Inaweza kuja saa tisa mchana jua likiwa kali, au saa kumi alfajiri mlinzi akiwa amelala. Mkulima aliyejiandaa kwa mgao peke yake hajajiandaa kwa hitilafu.

Mtambo mkubwa ukizima unaacha pengo kubwa

Hapa nataka tuelewane vizuri, maana ndipo palipo na mzizi wa jambo.

Umeme wa gridi haukai ghalani kama mahindi. Unaotumika sekunde hii ndio unaozalishwa sekunde hii. Mitambo yote iliyounganishwa inazunguka kwa mwendo mmoja, mizunguko 50 kwa sekunde, kama watu waliobeba jeneza: mmoja akiachia ghafla, uzito wake unahamia kwa waliobaki. Kama waliobaki wana nguvu ya ziada, mwendo unayumba kidogo kisha unatulia. Kama hawana, mwendo unashuka, na mitambo mingine nayo inaanza kujizima ili isiharibike. Ndiyo maana hitilafu ya sehemu moja inaweza kulaza nchi nzima ndani ya dakika chache.

Sasa fikiria. Mwaka 2024 matumizi ya juu kabisa ya nchi yetu yalikuwa chini ya megawati 2,000. Mtambo mmoja wa megawati 235 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hapo. Huo mmoja ukijizima ghafla, hata kwa sababu ndogo kama kifaa cha kupima joto kusoma vibaya, waliobaki wana kazi nzito. Sisemi mitambo ile ni mibovu. Nasema kila mtambo duniani huzima siku moja bila kupanga, mpya kwa mkongwe, na mpya mara nyingi una matatizo yake ya utotoni. Ukubwa wa pengo unategemea ukubwa wa kilichozima.

Wenzetu Wakenya walionja hili tarehe 25 Agosti 2023. Sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme usiku. Kenya Power walisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa shamba la upepo la Ziwa Turkana, ambalo lina uwezo wa megawati 310. Wenye shamba wakajibu kwamba mitambo yao ilijizima kujilinda baada ya umeme kuzidi kwenye gridi. Nani alikuwa sahihi hilo wabishane wao. Mkulima mwenye samaki kwenye matangi alichohitaji usiku ule ni hewa ndani ya maji, basi.

Mtambo kuwepo haina maana uko tayari

Kuna tukio jingine la usiku uleule ambalo naomba mlikumbuke kila mnapoangalia jenereta zenu. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulikuwa na jenereta za akiba. Umeme ulipokatika, jenereta ya sehemu mojawapo ya uwanja ilikataa kuwaka. Abiria wakakaa gizani, waziri akaomba radhi hadharani, na mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja akapoteza kazi. Mashine ilikuwepo, imenunuliwa, imeandikwa kwenye vitabu. Haikuwa tayari tu.

Afrika Kusini wana mfano mkubwa zaidi. Eskom, shirika lao la umeme, lina mitambo mingi kuliko nchi yoyote ya jirani zetu. Lakini mwaka 2023 mitambo hiyo ilikuwa tayari kwa kazi kwa wastani wa kama asilimia 55 ya uwezo wake. Mingi ilikuwa imelala kwa kuharibika bila kupangwa, baada ya miaka ya kuahirisha matengenezo ili taa zisizimike leo. Wafugaji wa kuku waliumia sana. Machinjio yalisimama kwa saa kadhaa kila siku, kuku waliofikia umri wakabaki mabandani wanakula, na kampuni kubwa zikachoma dizeli ya fedha nyingi. Kumbukeni, hao ni wafugaji wakubwa kuliko sisi.

Kwa hiyo nikisikia mtu analalamika kwamba TANESCO wametangaza kuzima umeme Jumamosi kwa matengenezo, huwa simuungi mkono. Katizo lililotangazwa ni rafiki yako. Linakupa siku mbili za kujaza matangi, kununua mafuta na kupanga watu. Linaloua mifugo ni lile ambalo halikutangazwa, na mara nyingi linatoka kwenye matengenezo ambayo hayakufanyika kwa wakati.

Hesabu dakika zako

Basi tufanye kazi ya kilimo sasa. Swali la kwanza kwenye andiko lako lisiwe "umeme upo?" Liwe hili: umeme ukizima sasa hivi, nina dakika ngapi kabla sijaanza kupoteza mali? Majibu yanatofautiana sana, na hapo ndipo vijana wengi hukosea.

*Samaki kwenye matangi, msongamano mkubwa.* Hawa ndio wenye muda mfupi. Mashine ya kuingiza hewa ikisimama, hewa iliyomo ndani ya maji inaweza kuisha ndani ya nusu saa hadi saa moja, kutegemea uzito wa samaki na joto la maji. Wakiwa wameshiba hali inakuwa mbaya zaidi, maana mmeng'enyo unakula hewa. Umeme ukizima, usilishe. Na ujue alfajiri ndiyo saa mbaya kwa bwawa la udongo, maana mimea ya majini imetumia hewa usiku kucha.

*Kuku wa nyama kwenye banda lililofungwa, la feni.* Kuku wa wiki ya tano, mchana wa jua, feni zimesimama: hesabu yako ni chini ya nusu saa. Banda la namna hii lazima liwe na mapazia au madirisha yanayofunguka kwa mkono haraka, na mtu anayelala karibu. Banda la wazi la kawaida halina tatizo hili, na ndiyo sababu huwa nawaambia wanaoanza wasiharakie banda la feni.

*Vifaranga kwenye bruda.* Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzijoto 32 mpaka 35. Kwenye usiku wa baridi una saa moja au zaidi kidogo kabla hawajaanza kurundikana na kukandamizana. Jiko la mkaa lililo tayari, lenye njia ya kutoa moshi, linatosha kukuokoa. Tatizo ni pale mkaa unapokwenda kununuliwa saa saba usiku.

*Mashine ya kutotolesha.* Hapa una nafuu kidogo. Mayai ya siku za mwanzo yanavumilia kupoa kwa saa kadhaa, unafunga milango na kutulia. Ila kwenye mashine kubwa iliyojaa mayai ya siku ya 18 na kuendelea, hatari hugeuka: vifaranga ndani ya mayai wanazalisha joto lao wenyewe, na feni ikisimama wanajipika. Hapo unafungua mlango kidogo na kuangalia kipimajoto. Watu wengi hufunga kwa kuogopa baridi na kuua kwa joto.

*Maziwa na chumba baridi.* Tangi la kupoozea lenye ukuta mzuri hutunza ubaridi kwa saa kadhaa kama maziwa yaliyomo yalishapoa. Shida ni maziwa ya jioni yanayoingia yakiwa ya moto wakati mashine imezima. Chumba baridi cha mboga nacho kinavumilia, mradi mlango usifunguliwe kila dakika na kila anayetaka kuchungulia.

*Umwagiliaji.* Nyanya kwenye udongo mzito zitakaa siku moja au mbili bila shida. Mboga zinazooteshwa kwenye maji yanayopita kwenye mabomba bila udongo zinaweza kunyauka ndani ya saa mbili za jua. Kwa wa udongo, akiba yako bora wala si jenereta. Ni tangi lililoinuliwa juu, limejazwa wakati umeme upo.

Umeona? Mwenye nyanya anahitaji tangi, mwenye bruda anahitaji mkaa na mwenye samaki anahitaji mashine inayowaka yenyewe ndani ya dakika chache. Wote watatu wakiandika "tutanunua jenereta", wawili wametupa hela na mmoja bado hajapona.

Jenereta yako ni kituo chako cha umeme

Kwa wale ambao jenereta ni lazima, mchukulie kama meneja wa kituo anavyochukulia mtambo wake.

Mwaka huu nilifika kwa mfugaji mmoja kijana ambaye jenereta yake ilikuwa nzuri kabisa, imefunikwa turubai safi. Nilipomwomba aiwashe haikuwaka. Betri ilitolewa wiki tatu nyuma kwenda kuwashia gari la mjomba na haikurudi. Kuku 1,500 walikuwa bandani. Bahati yake niliomba mimi kuwashiwa, haikuomba hitilafu.

Mambo yanayozuia jenereta kuwaka ni ya kawaida mno: betri imekufa, mafuta ya zamani yameharibika au yana maji, chujio limeziba, swichi imeachwa mahali pasipo. Yote haya hugundulika kwa kuiwasha. Kwa hiyo:

1. Iwashe kila wiki kwa dakika kumi. Mara moja kwa mwezi iwashe nusu saa ikiwa imebeba mzigo wa kweli, angalau theluthi ya uwezo wake. Jenereta ya dizeli inayowashwa bila mzigo kila mara hujaza masizi na huchoka mapema.

2. Fuata saa za kubadilisha oili zilizoandikwa kwenye kitabu chake. Andika saa hizo ukutani kwa chaki, asiwepo wa kusema alisahau.

3. Pima ukubwa kwa kuanzia, siyo kwa kukimbia. Mota ya pampu inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya umeme inaotumia ikishazunguka. Jenereta inayolingana na pampu kwa namba tu itazimika pampu ikiwashwa.

4. Weka swichi ya kubadilishia umeme, ya fundi mwenye leseni. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kunarudisha umeme kwenye nyaya za nje na kunaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Na usiiwashe ndani ya nyumba au karibu na dirisha. Moshi wake unaua bila harufu ya kukuamsha.

5. Gawanya. Wahandisi wa gridi wana kanuni: mfumo ubaki umesimama hata mtambo mkubwa kuliko yote ukizima. Iweke na wewe. Badala ya mashine moja kubwa ya kuingiza hewa, weka mbili ndogo. Kama mashine moja inakuangusha mara moja kati ya kumi, mbili ambazo hazishirikiani betri wala mafuta zitakuangusha zote kwa pamoja mara moja kati ya mia. Nimeandika "hazishirikiani" makusudi, maana jenereta mbili zinazonywa kwenye dumu moja lenye maji ni jenereta moja.

Umeme unaporudi usiushangilie haraka

Pampu nyingi hazichomeki umeme unapokatika. Zinachomeka unaporudi. Kila mtu mtaani ameacha vitu vimewashwa, wote wanaingia kwa pamoja, umeme unakuwa mdogo, na pampu inahangaika kuanza. Kwenye umeme wa fezi tatu kuna ubaya zaidi: wakati mwingine inarudi mbili tu. Mota inaunguruma, haizunguki, na inapata moto mpaka nyaya za ndani zinaungua.

Zima swichi za mashine kubwa mara umeme unapokatika. Ukirudi, subiri dakika kumi, kisha washa moja baada ya nyingine. Na weka kifaa cha kuilinda mota dhidi ya fezi iliyokosekana na umeme mdogo. Bei yake ni ndogo mbele ya gharama ya kuvuta pampu kutoka kwenye kisima cha mita 80.

"Lakini afisa, hela ya yote hayo inatoka wapi?"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, na ni la haki. Mkopo wenyewe hautoshi, halafu mimi nakuongezea jenereta, betri na tangi.

Jibu langu ni kurudi kwenye hesabu. Chukulia una kuku 2,000 wa wiki ya tano, na kila mmoja umeshamtumia shilingi 6,000. Ndani ya banda kuna milioni 12. Weka namba zako halisi hapo. Sasa kama huna akiba ya umeme, milioni 12 hizo zinategemea kwamba hakuna mtambo, nguzo wala transfoma itakayozima kwa nusu saa mchana wa jua katika wiki hiyo. Na benki haitazima marejesho yake kwa sababu gridi ilizima.

Kama bajeti haitoshi, punguza mifugo, usipunguze akiba. Anza na 800 kwenye banda la wazi, vuna, nunua jenereta kwa faida, kisha panda. Ni polepole na haileti picha nzuri ya kuposti. Lakini mzunguko wa tatu utakukuta bado uko kwenye biashara.

Na tusiwaachie wazalishaji umeme bila kuwadai. Kila hitilafu kubwa ikitokea, tunastahili kuambiwa kilichozima, kilizima kwa nini, na kitazuiwaje, kwa lugha ya kawaida. Upande wetu tuwe na ushahidi: daftari lenye tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi, na hasara iliyopatikana. Malalamiko yenye daftari la msimu mzima hayapuuzwi kirahisi, iwe kwa TANESCO au EWURA. Daftari hilohilo litakuambia pia akiba yako iwe ya saa ngapi, badala ya kukisia.

Kazi ya wiki hii ni moja. Chagua siku, usimwambie mtu shambani, zima swichi kubwa mwenyewe. Angalia saa. Ona nani anakimbilia wapi, jenereta inawaka baada ya dakika ngapi, na mkaa uko wapi. Kisha linganisha na dakika za mifugo yako hapo juu. Samaki wawepo wachache na uwe tayari kurudisha umeme mara moja, tusije tukaua kwa kufanya mazoezi.

Niandikieni hapo chini mlipata dakika ngapi. Tutajadili mmoja mmoja.